Mafuriko ya Mto Tana na bima: ya kushughulikia kabla bwawa la Masinga halijajaa

Kila mafuriko ya Tana yanapopungua, sisi tunaosimamia biashara ya bima huanza kupokea malalamiko. Mwenye duka wa Garsen alilipia bima na sasa amenyimwa fidia. Mwenye gari wa Madogo ameambiwa hasara ni yake. Mfugaji ana karatasi ya bima ya mifugo, lakini mbuzi waliosombwa na maji hawakulipiwa. Tunayasoma yote, na kampuni iliyokosea tunaiandikia ijieleze. Hata hivyo, mengi tunayafunga kwa jibu lilelile: mkataba ulionunuliwa haukuwahi kugusa mafuriko.

Kaunti ya Tana River inahitaji maelezo yake yenyewe, kwa kuwa maji yanayoiangamiza hayatokani na mvua yake. Hola na Garsen ni sehemu kavu. Mto unaanzia Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa matano ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha unashuka Garissa na kutambaa kwenye tambarare hadi Kipini baharini. Masinga ndilo la juu kabisa na ndilo kubwa kuliko yote. Maji yakifika mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, bwawa limejaa. Yanayozidi hapo humwagika kuelekea chini. Ubishi wa nani alaumiwe una mahali pake, lakini mkataba wa bima hauulizi hilo.

Kutoka huko juu hadi Garsen maji husafiri siku kadhaa. Ndiyo maana mtu huamka chini ya jua kali na kuyakuta mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa vuli ya 2023, mwaka wa El Niño, na kabla watu hawajamaliza kukarabati ikaja masika ya 2024, ambapo barabara ya Garissa na Madogo ilikatika na watu wakazama katika ajali ya boti wakijaribu kuvuka.

Siku hizo kadhaa ndizo zinazowaponza watu. KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, ikitangaza kwamba Masinga limejaa, ndipo mawakala wanaanza kupigiwa simu. Umechelewa. Bima hununuliwa kwa jambo linaloweza kutokea au lisitokee, na maji yaliyokwisha kupita Garissa si jambo la kubahatisha tena. Kampuni inaweza kukataa kukuandikia, au ikakuandikia kwa sharti kwamba mafuriko yataanza kulindwa baada ya muda fulani. Ukiificha habari unayoijua ili uandikiwe haraka, mkataba wako unaweza kubatilishwa kwa sababu hiyo peke yake.

Wengine hutuambia, “Hapa kwetu maji hayajawahi kufika tangu enzi za babu.” Tafadhali, hoja hiyo iachwe. Mwaka 1989 Tana ilihama njia karibu na Hola, ikauacha mradi wa umwagiliaji bila maji. Mto ulioweza kuukimbia mradi mzima wa serikali unaweza pia kuufuata mtaa ambao haukuwa njiani mwake.

Sasa mkataba wenyewe. Bima ya kawaida ya moto hulipa moto na radi, na milipuko ya aina chache. Mafuriko yamo katika kundi la majanga maalumu, pamoja na dhoruba na tetemeko la ardhi, na kundi hilo huongezwa juu ya bima ya moto kwa ada ya ziada. Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba “yote yamo”. Dai uonyeshwe mahali palipoandikwa mafuriko. Kwa gari, bima ya mtu wa tatu, inayolipa wengine uliowadhuru na ambayo ndiyo sheria inayoilazimisha, haikulipi chochote gari lako likisombwa. Hata bima kamili, soma kwanza kama majanga hayo yameongezwa.

Bima ya mifugo ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, na hapa lawama kubwa nawapa wanaoiuza bila kuieleza. Bima ya aina hii, iliyoanza 2015 Wajir na Turkana, kisha ikafika Tana River na kaunti nyingine kame, hupima hali ya malisho kwa picha za setilaiti. Malisho yakikauka chini ya kiwango kilichowekwa, mfugaji hulipwa, hata kama hajapoteza mnyama. Mvua ikinyesha, setilaiti inaona majani ya kijani kibichi. Mbuzi waliozama malkani, yaani kwenye njia za kushukia mtoni kunywesha mifugo, haiwaoni. Anayetaka kinga ya mafuriko kwa mifugo aombe mkataba unaotaja kifo cha mnyama na sababu zake.

Sitaficha jambo moja: nyumba ya udongo na makuti ni vigumu kuikatia bima, na kampuni ina hiari ya kukataa. Hilo ni pengo, na linawaumiza wakulima wa Kipokomo wanaoishi kando ya mto kwa sababu shamba lao liko hapo. Lakini nyumba ikikataliwa, bidhaa za dukani au pampu ya kuvutia maji huenda zikakubaliwa. Ulizia kila kitu peke yake.

Ukishakubaliwa, lipa. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima, Sura ya 487, kinakataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Ahadi ya “nitamalizia mwisho wa mwezi” haina nguvu, hata wakala akiwa shemeji yako. Juu ya ada utaona asilimia 0.2 ya mafunzo ya sekta, asilimia 0.25 ya mfuko wa kufidia wenye bima endapo kampuni itaanguka, na shilingi 40 za stempu. Kwa ada ya shilingi 10,000, jumla inakuwa 10,085. Hayo si makato ya wizi, na hatuhitaji kuandikiwa barua kuhusu hizo shilingi 85.

Thamani pia iwe ya kweli. Duka lenye mali ya 1,000,000 likikatiwa bima ya 500,000, umejichukulia nusu ya hatari. Maji yakiharibu mali ya 200,000, hesabu ya kampuni itakuwa 100,000, na bado itaondoa ile sehemu ya hasara ambayo mkataba unasema uibebe mwenyewe.

Maji yakiingia, okoa watu kwanza. Kisha iarifu kampuni kwa maandishi mara moja, ujumbe wa simu ukiwa mwanzo tu. Piga picha zinazoonyesha alama ya maji ukutani. Usitupe magunia yaliyooza kabla mkadiriaji, yaani mtu anayepima hasara, hajayaona, isipokuwa kampuni imekuruhusu au afya imekulazimu, na hapo piga picha na uandike orodha. Tunza risiti mahali pengine mbali na duka; kila mafuriko tunaletewa madai ambayo ushahidi wake ulizama pamoja na mali. Barua ya chifu husaidia. Kifungu cha 203 kinaitaka kampuni ilipe ndani ya siku 90 tangu dai liliporipotiwa, mradi imekubali wajibu, na kiasi na anayestahili kulipwa vimejulikana.

Anayeongeza magunia ambayo hayakuwepo ajue kwamba kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufika miaka 3. Anayeuza bima bila kusajiliwa naye anavunja sheria. Mwombe cheti cha usajili cha mwaka huu kabla ya kumpa pesa.

Usiporidhika, andikia kampuni kwanza na uhifadhi nakala. Jibu lisipokuja, au likija halikuridhishi, mwandikie Kamishna wa Bima, mkuu wa ofisi yetu. Ambatanisha mkataba wote na kurasa zake za masharti, risiti ya ada, barua ulizoandikiana na kampuni, picha na ripoti ya mkadiriaji kama unayo. Kuna karatasi ambayo kampuni hukupa uisaini ukikubali kwamba malipo yamekamilika na huna dai jingine. Ukishaitia sahihi, tunabaki na nafasi ndogo sana ya kukusaidia, kwa hiyo kama kiasi hukikubali, ilete kwetu kabla hujaisaini.