Mazoezi ya mjamzito na uzito unaoongezeka

Mjamzito akishauriwa kufanya mazoezi, wengi hudhani anaambiwa apunguze mwili. Sivyo. Uzito wa mama mwenye mimba lazima uongezeke, na mazoezi hayapo kuuzuia. Yanachosaidia ni mwili kuchukua unachokihitaji bila kurundika kupita kiasi.

Tuuchambue kwanza uzito wenyewe. Chukua mama aliyeongezeka kilo 12 na nusu hadi kujifungua. Mtoto ni kama kilo 3 na nusu. Kondo la nyuma na maji yanayomzunguka mtoto ni kama kilo 1 na nusu. Mji wa mimba hukua kwa karibu kilo 1, matiti karibu nusu kilo, na damu pamoja na maji mengine ya mwilini kama kilo 2 na nusu hadi 3. Kinachobaki, kilo 3 na ushei, ni mafuta ambayo mwili huyaweka akiba kwa ajili ya miezi ya mwisho na kunyonyesha. Akiba hiyo ndiyo inayoweza kuvuka mpaka, na ndiyo mazoezi huigusa zaidi.

Mpaka uko wapi? Unategemea mama alivyokuwa kabla ya kushika mimba. Gawanya uzito wake wa wakati huo, kwa kilo, kwa kimo chake kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mwenye kilo 60 na kimo cha mita 1.60 anapata 23.4. Kwa miongozo ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya 2009, aliye kati ya 18.5 na 24.9 anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Aliye chini ya hapo, kilo 12.5 hadi 18. Mwenye 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5, na kuanzia 30, kilo 5 hadi 9. Viwango hivi ni vya mimba ya mtoto mmoja.

Sasa mazoezi yanaingiaje? Mimba inavyokua, homoni za kondo hufanya mwili wa mama uitikie kwa udhaifu insulini, yaani homoni inayosaidia mwili kutumia sukari ya damu, ili sukari ibaki ya kutosha kumfikia mtoto. Msuli unaofanya kazi, hata kwa kutembea tu, huivuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia. Ndiyo maana mama anayejishughulisha hupunguza pia hatari ya kisukari cha mimba.

Kwenye mizani tofauti ni ndogo. Uchambuzi uliochapishwa 2017, uliojumuisha wajawazito zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba waliosaidiwa kwa mazoezi, ushauri wa chakula au vyote viwili waliongezeka gramu 700 pungufu kwa wastani, na waliojifungua kwa upasuaji walikuwa wachache kidogo. Mimi naona ni kosa kumpima mama kwa gramu hizo peke yake. Mazoezi hupunguza pia uwezekano wa shinikizo la damu la mimba, na hayaongezi hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, hofu ambayo imewakalisha wengi bure.

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2020, linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani: kutembea kwa haraka, kuogelea, baiskeli ya kukaa mahali pamoja. Kipimo chepesi ni mazungumzo. Akiweza kuongea huku anatembea, yuko sawa. Akikatika pumzi katikati ya sentensi, apunguze mwendo. Ambaye hakuwa na mazoea hayo aanze na dakika 10 na kuongeza pole pole. Baada ya miezi mitatu ya kwanza aepuke mazoezi ya kulala chali, kwa sababu mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Michezo ya kugongana au yenye hatari ya kuanguka aiache.

Wapo wasiopaswa kuanza bila daktari au mkunga kuwaruhusu: mwenye dalili za kifafa cha mimba, mwenye kondo lililoziba njia, mwenye mlango wa kizazi uliolegea, mwenye upungufu mkubwa wa damu. Na yeyote anayetokwa na damu au maji ukeni, kuumwa kifua, kizunguzungu, maumivu ya tumbo yanayokuja na kuachia, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, asimame hapo hapo na kwenda hospitali, hata kama siku hiyo alikuwa anatembea tu.