Afande akiwa mapumziko bado ni afande

Busia, upande wa Uganda, vijiweni kwa bodaboda, utasikia: "Huyo afande yuko off, kesi hii haimhusu." Si kweli. Sheria ya Polisi ya Uganda inamhesabu kila askari kuwa yuko kazini wakati wote. Nayo Katiba ya 1995, ibara ya 212, inalikabidhi jeshi la polisi kazi ya kulinda maisha na mali na kuzuia uhalifu. Hakuna mahali inaposema kazi hiyo inakwisha saa kumi na moja jioni.

Ila kosa la pili ndilo linaloniumiza zaidi: kudhani kuingilia kati ni lazima kurukia panga. Mfikirie askari aliyevaa kandambili, mfuko wa matoke mkononi, mtoto kamshika kidole. Mbele yake kijana anakatwa panga, ameporwa simu. Afande hana redio, hana mwenzake. Akichomoa bastola bila kujitambulisha, umati utamwona jambazi, na sote tunajua umati wetu unavyompiga mtu kabla ya kuuliza. Hata wenzake wakifika na doria wanaweza kumlenga yeye.

Basi kupiga 999, kumsogeza mtoto, kukariri namba ya pikipiki na kumfunga majeruhi jeraha kwa shati lake, hiyo nayo ni kazi ya polisi. Akiweza kumkamata mhalifu, amkamate, huku akitamka wazi kwamba ni askari. Anachokatazwa ni kuangalia tu kisha kuondoka zake.