Renji ya wastani sio renji ya ng'ombe wako

Jamani, hii ya "modeli imesema kwa uhakika wa asilimia 95 ng'ombe atatoa kati ya lita hizi na hizi" imezidi sasa. Kila msimu wa defensi, wanafunzi wakitetea tafiti zao, hapa Moshi lazima uisikie, juzi tena kaka mmoja mwenye data za ng'ombe wa ndani kule Machame, kilo za pumba na mashudu upande huu, lita za maziwa upande ule, kasimama kaisema mbele za watu, kumbe renji aliyobeba ni ya wastani wa ng'ombe wengi, na supavaiza wake anatikisa kichwa kukubali.

Utabiri wenyewe hauna maajabu. Mstari wa kuhusisha chakula na maziwa umeshachorwa, unaipa programu X mpya (kilo za chakula), inazidisha na mteremko, inajumlisha na pale mstari unapoanzia, inakupa Y (lita). Kwenye R, programu ya takwimu, komandi ni predict, na hiyo X mpya iwe kwenye data freimu yenye kolamu ya jina lilelile la kwenye modeli, ukikosea jina R inaweza kukurudishia makadirio ya data zako za zamani pamoja na onyo ambalo hamna anayelisoma. Basi, hiyo imeisha.

Kinachoniudhi ni zile namba mbili za pembeni, ya chini na ya juu, ndo renji yenyewe. Ziko za aina mbili na watu wanabeba yoyote iliyotokea. Ukiandika interval = "confidence" unauliza hivi: ng'ombe wote wanaokula kilo hizi, wastani wao uko kati ya wapi na wapi? Ukiandika "prediction" unauliza habari za ng'ombe mmoja mpya, huyu hapa bandani. Ya kwanza ina mashaka ya mstari tu, labda tumeuchora juu kidogo au chini kidogo. Ya pili ina mashaka hayohayo halafu unaongeza na ya ng'ombe mwenyewe, maana hata wakila sawa hawafanani, mmoja kazaa juzi, mwingine anakaribia kukauka, mwingine ndo alivyo tu.

Fungua R ujionee, kuna data inakuja nayo inaitwa cars, vipimo 50 vya magari ya miaka ya 1920, spidi kwa maili kwa saa na umbali wa kusimama kwa futi. Tengeneza modeli ya umbali kwa spidi halafu tabiri spidi ya 12. Inakupa futi 29.6. Ukiomba confidence ni 24.4 mpaka 34.8. Ukiomba prediction ni -1.7 mpaka 61. Mstari uleule, spidi ileile! Na ndiyo, umeona hasi, gari limesimama kabla ya kushika breki, ujue mstari mnyoofu wenye mtawanyiko sawa kila mahali hauwafai sana magari ya spidi ndogo, kitu ambacho ile renji nyembamba isingekuonyesha.

Na msidhani data nyingi itawaokoa. Leta ng'ombe 5,000, renji ya wastani itasinyaa karibu iishe, ile ya mmoja itagoma, itabaki kama mara mbili ya mtawanyiko wa mabaki (jinsi ng'ombe wanavyoachana na mstari) kila upande.

Watu wa SPSS, programu nyingine ya takwimu, pale kwenye Save kuna tiki mbili, Mean na Individual, someni kabla ya kubofya. Wa Stata, nayo ya takwimu, stdp ni ya wastani, stdf ndo ya mmoja, hiyo herufi p isiwadanganye mkadhani ndo ile "prediction" ya R.

Kaka wa Machame, modeli yako haina shida na kazi umefanya. Kama anayesoma ni bwana mifugo anayetaka kujua wastani wa ukanda mzima, acha renji yako hiyohiyo, ongeza tu neno "wastani" kwenye ile sentensi. Ila kama ni mama mwenye ng'ombe mmoja anayepiga hesabu ya kununua mashudu, mpe ile pana, hata kama kwenye slaidi itaonekana mbaya.