Kesho ya Kiingereza: uongo tunaobeba juu ya "will"

Huku Goma siku hizi kila mtu anataka Kiingereza. Ukivuka mpaka pale Petite Barrière unaingia Gisenyi, na Rwanda walishahamisha masomo kwenda Kiingereza tangu 2008, ukipanda bus ya Kampala ni Kiingereza, ukiitwa interviu kwa ONG, yale mashirika yasiyo ya serikali, ni Kiingereza, halafu 2022 Kongo ikaingia EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza ni lugha ya ofisi, basi hata wale walikuwa wanasema "mie Kifaransa kinanitosha" wameanza kununua kayee, daftari za kuandikia. Mie nafundisha wale wa kuanza kabisa, jioni, chumba ya mbao kule Katindo, motari wa pikipiki wamo, mama za viazi wamo, vijana wa diplome bila kazi wamo. Na nimeona kitu cha ajabu: wakati ujao njo kipande rahisi kuliko vyote vya Kiingereza, lakini njo mahali watu wamejaza uongo mingi, na karibu wote unatoka mahali pamoja. Tunalazimisha Kiingereza kipite kwa mlango wa Kifaransa, na Kiswahili chetu kiko pale pembeni kinatuangalia tu.

Dhana: kuko konjugezo ya kukariri

"Prof, na 'he' inaisha namna gani?" Swali hili nalipata kila mwanzo wa kozi. Mtu amekariri Kifaransa, j'irai, tu iras, il ira, nous irons tangu primeri, anajua wakati ujao ni kitu cha kuumiza kichwa, basi anatafuta maumivu yale yale kwa Kiingereza na akiyakosa anahisi umemficha kitu.

Ukweli: hakuna. "I will go, you will go, she will go, we will go, they will go." Imeisha. Sasa weka pembeni nitaenda, utaenda, ataenda, tutaenda, wataenda. Ile "ta" inabadilika? Haibadiliki, anayebadilika ni mtu wa mbele tu. "Will" njo "ta" yako. Kitenzi kinachofuata kinabaki uchi, hakivai kitu, njo maana "he will goes" ni makosa, "I will to go" ni makosa, "I will going" ni makosa. Na "I will can" pia, juu "can" na "will" hawakai kiti kimoja, unasema "I will be able to".

Kukataa unaweka "not", "I will not go", ao kwa kifupi "won't". Watu wananiuliza ile "o" imetoka wapi: zamani kulikuwa Waingereza wanaotamka "wol" badala ya "will", ile ya kawaida ikafa, ya kukataa ikabaki. Kuuliza, "will" inaruka mbele ya mtu, "Will you come?" Sisi tunauliza kwa sauti tu, "Utakuya?", njo maana watu wanasema "You will come?" na wanaeleweka vizuri, lakini kwa egzameni wanakatwa pointi.

Dhana: "will" ni alama tu, haina maana yake

Hii napenda kuieleza mpaka wanafunzi wanaangalia saa. Zamani sana "will" ilikuwa kitenzi kamili cha kutaka, Mwingereza wa miaka elfu moja iliyopita akiitumia alikuwa anasema nataka, natamani, na pole pole kule kutaka kukageuka kesho. Unaona ni maajabu ya wazungu? Basi sikiliza mdomo wako mwenyewe. "Ta" yetu wataalamu wa lugha wanaitoa kwa "taka", na ushahidi bado uko hai: sema "atakayekuja", sema "watakaosafiri", unaisikia "taka" nzima imekaa pale katikati. Lugha mbili ambazo si ndugu, na kila moja imechonga kesho yake kutoka kwa kutaka.

Na tunaendelea mpaka leo. Wingu likiwa jeusi juu ya ziwa tunasema "mvua inataka kunyesha", wala hakuna anayefikiri mvua ina hamu. Ila hapo pia njo kuko mtego, motari mmoja darasani alitafsiri hivyo hivyo, "The rain wants to fall", na darasa lote likaona iko sawa. Kwa Kiingereza cha leo "want" imebaki ya wale wako na roho. Mvua unasema "It's going to rain".

Dhana: "When you will arrive, you will call me"

Huyu njo mfalme wa makosa yetu, nimemsikia hata kwa watu wako na miaka kumi ndani ya ONG. Anatoka moja kwa moja kwa "Quand tu arriveras, tu m'appelleras", Kifaransa kinaweka futur, yaani wakati ujao, pande zote mbili. Kiingereza hakitaki. Ukiunganisha jambo na jambo lingine la kesho kwa "when", "as soon as", "before", "after" ao "until", kitenzi cha pale kinakaa kwa wakati wa sasa: "When you arrive, you will call me."

Sasa niambie, dada yako akipanda canot, yaani boti, ya Bukavu unamwambia nini pale kwa bandari? "Ukifika utanipigia." "Ta" ziko ngapi? Moja. Iko upande gani? Wa pili. Ukifika, "when you arrive", hakuna ta, hakuna will. Utanipigia, kuko ta, kuko will. Nikiandika hii kwa ubao watu wanashika kichwa, maana miaka yote walikuwa na jibu mdomoni na walikuwa wanaenda kuazima kosa kwa jirani.

"If" ni vile vile: "Mvua ikinyesha sitakuja", "If it rains, I won't come". Hapa hata Kifaransa kinasaidia, "s'il pleut", hakiweki futur, lakini mtu akishazoea kuharibu na "when" anaharibu na "if" pia, mkono umeshazoea.

Na hii test ya Kiswahili inaenda mbali kuliko sheria ya kitabu. Chukua "Sijui atafika lini". Kuko ta. Kiingereza: "I don't know when he will arrive." Kuko will, na iko sahihi kabisa, juu hapa "when" ni swali limefichwa ndani ya fraze. Wale wamekariri "baada ya when hakuna will" wanaanguka hapa. Wale wanaosikiliza Kiswahili chao hawaanguki. Onyo moja tu, tumia Kiswahili cha nyumbani, si cha mahubiri. Pasta akisema "utakapofika mbinguni", ile iko na "taka" ndani, ukiifuata unarudi kwa "when you will arrive" na umepotea. Kamata "ukifika".

Dhana: "will" ni ya kila kitu cha kesho

Kitabu cha kuanza kinakupa "will" peke yake halafu kinanyamaza, basi mtu anaimwaga kila mahali kama chumvi. Anaeleweka, hilo sikatai. Lakini anasikika kama mtu anaamua maisha yake yote papo hapo.

Nyumba ya "will" ni hii: simu inalia, "I'll answer it", umeamua sasa hivi. Umeona mama wa watu amebeba gunia pale Birere, "I'll help you, mama". Umekopa, "I will pay you on Friday". Uamuzi wa ghafla, msaada, ahadi. Kitu ulishapanga na pesa umeanza kuweka: "I'm going to buy a motorbike". Kitu kiko na siku yake na kuko mtu anakungoja: "I'm travelling to Bukavu tomorrow", na hiyo nayo tunayo, "kesho naenda Bukavu", nani anasema nitaenda kama tiketi iko mfukoni? Halafu ratiba inachukua wakati wa sasa wa kawaida, "The boat leaves at seven tomorrow", kama sisi tu, "canot inatoka kesho saa moja". Ile saa moja ikumbuke, narudi kwake.

Kwa kutabiri sisi wa Goma tuko na mfano mwanafunzi wa London hana. Volkano yetu Nyiragongo iliteremsha lava mpaka katikati ya mji 17 januari 2002, ikatoka tena 22 mei 2021. Ukisema leo "Nyiragongo will erupt again one day", unasema unachoamini, hakuna mtu atafunga godoro. Lakini ile wiki ya mei 2021, ardhi inatetemeka usiku na mchana, barabara zimepasuka, tarehe 27 tunaambiwa tuhame na watu wanaenda Sake kwa miguu, pale kila mtu alikuwa anasema yenyewe "inataka kutoka tena", na Kiingereza chake ni "It's going to erupt again", juu dalili iko mbele ya macho. Haikutoka mara ya pili, Mungu asifiwe. "Going to" si unabii, ni macho tu.

Dhana: lazima "I shall, we shall"

Papa mmoja alikuja na kayee yake ya zamani akanigombeza mbele ya darasa. Namheshimu, lakini hapana. Sheria ile ya "shall" kwa I na we, "will" kwa wengine, aliiandika John Wallis mwaka 1653, mtu wa hesabu wa Oxford, yule yule alituletea alama ya kitu kisicho na mwisho, ile nane iliyolala, na sarufi yake ya Kiingereza aliiandika kwa Kilatini, fikiria. Leo "I will" iko sawa kila mahali. "Shall" unaihitaji ukiuliza "Shall we go?", yaani "Twende?", na utaikuta kwa mikataba. Papa hakukubali, lakini sasa ananisalimia.

Dhana: "I'll" ni Kiingereza cha mtaani

Hapana, kwa kuongea njo kawaida, kwa barua ya kazi andika kamili. Shida ni sikio, ile "'ll" inapita kama upepo, mtu anarudi Kampala ananiambia "prof, kule will hawasemi". Wanasema, hukuisikia.

Dhana: dawa ni kujaza mapengo mia

Hapa ni maoni yangu. Pengo la kwanza mpaka la kumi kichwa kinafanya kazi, kuanzia pale ni mkono tu unaandika will, will, will, na mtu anapata 100 kwa 100 halafu kesho yake anakuambia "I go come". Mie nawapa kitu kingine: kila usiku voisi tatu za WhatsApp, fupi, sekunde ishirini. Moja ya kitu umepanga, moja ya kitu unaahidi, moja ya "ikitokea". Mama wa viazi alituma: "I'm going to sell at Virunga market. I will bring money for the class. If the truck comes, I will sell six bags." Uzuri ni kwamba kesho yake darasani tunamuuliza kama lori ilikuja, na akitaka kujieleza lazima aguse wakati uliopita, anaingia bila kujua. Lori haikuja. Pesa ya darasa nayo haikuja, juu yake tulicheka.

Dhana: ukishajua "will" umeishika kesho

Bado maneno ya wakati. Watu wanasema "the next week" juu ya "la semaine prochaine", toa ile "the", ni "next week". Wanasema "I will come after two days" juu ya "baada ya siku mbili", ukihesabu kuanzia leo sema "in two days". Ukienda Kampala kumbuka saa yao iko mbele ya yetu saa moja nzima.

Lakini kubwa ni saa yenyewe. Kijana wangu mmoja aliitwa interviu kwa shirika moja hapa mjini, akajibu kwa email: "I will come at two tomorrow." Grameri safi, nilijivunia, nilimuonyesha kila mtu ile email. Kichwani kwake ilikuwa saa mbili ya asubui. Wao wakamuandika saa nane ya mchana, maana kwa Kiingereza "two" ya kazi ni ile. Akafika 8:00, koti, viatu vimepakwa kiwi, akakaa kwa benchi pembeni ya sentinele, mlinzi wa mlango, mpaka 14:00, ile vumbi yetu nyeusi ikamfanya kijivu. Tangu ile siku darasani kwangu hakuna "at two" bila "a.m." ao "p.m." nyuma yake, na email yake bado iko kwa ubao.