Mkuu mpya wa idara aandaliwe kabla ya barua ya uteuzi

Kazi yangu ni kuwaandaa watumishi wa vyuo vikuu kushika uongozi, na ninayemwonea huruma kuliko wote ni mkuu wa idara aliyepewa barua Ijumaa akaingia ofisini Jumatatu. Kateuliwa kwa kuwa ni mtafiti mzuri na mwalimu mzuri. Mezani anakuta bajeti asiyoizoea, ratiba ya vipindi inayogongana, na wahadhiri wawili wasiosalimiana. Wiki iliyopita walikuwa wenzake. Leo yeye ndiye anayewapima utendaji.

Mara nyingi chuo humpeleka semina ya siku mbili. Sizipingi semina. Kanuni za fedha na taratibu za nidhamu hufundishika darasani, tena ni lazima zijulikane. Lakini kumwambia mwanataaluma aliyekusimamia shahada ya uzamivu kwamba anachelewesha matokeo ya wanafunzi, hilo hakuna slaidi ya kulifundisha.

Kwa mambo ya namna hiyo natumia mbinu ya Reg Revans, mwanafizikia wa Uingereza aliyeijenga miaka ya 1940 akiwa kwenye sekta ya makaa ya mawe. Watu watano au sita hukutana kila mwezi. Mmoja analeta tatizo linalomkabili sasa hivi, na wengine wanamuuliza maswali tu, ushauri hauruhusiwi. Wanataaluma hupata taabu sana hapa, kwa sababu wamezoea kuulizwa wao.

Katika kundi moja, mkuu wa idara alieleza kwa dakika kumi jinsi mhadhiri wake anavyokwepa majukumu. Alipomaliza, fundi sanifu wa maabara akamuuliza, "Mara ya mwisho kukaa naye, ninyi wawili tu, ilikuwa lini?" Yule bwana akafungua shajara, akapekua kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akaifunga. "Tangu niteuliwe, sijakaa naye." Hakuna aliyemsema. Kikao kilichofuata alikuja na habari nyingine kabisa: mhadhiri yule alikuwa anauguza mzazi, na walikuwa wameshapanga upya vipindi vyake.

Swali lile lilitoka kwa fundi sanifu, na ndiyo maana nasisitiza makundi yachanganye kada. Uingereza, makubaliano ya kuwaendeleza watafiti, kama yalivyopitiwa upya mwaka 2019, yanataka mtafiti apate walau siku 10 kwa mwaka za kujiendeleza. Mafundi nao wana ahadi yao tangu 2017, inayogusa kutambuliwa na kupanda ngazi. Ni hatua nzuri. Ila katika vyuo vingi afisa udahili au karani wa masjala hana hata siku moja yenye jina lake, ingawa akikosekana wiki moja tu usajili unakwama. Naona ni dhuluma, na huwa nawaambia hivyo wakuu wa vyuo ana kwa ana.

Kingine ninachowaomba ni mwaka mmoja. Mteueni mtu mapema, akae pembeni ya mkuu anayeondoka, aandae ratiba ya muhula mmoja, aendeshe vikao viwili vya idara huku mwenzake akimsikiliza, na bajeti ijayo waiandike pamoja. Na muda huo apunguziwe vipindi, la sivyo atayafanya yote hayo saa nne usiku.