Asilimia ya sinema si alama ya mtihani

Kwenye vibanda vya video vya Ngamiani, Tanga, wengi huamini kwamba sinema yenye asilimia 60 mtandaoni imepata alama 60 kati ya 100, kama mwanafunzi darasani. Si ajabu, namba yenyewe imeandikwa hivyo.

Kwenye baadhi ya tovuti kubwa za uhakiki wa sinema, hata hivyo, asilimia hiyo huhesabu watu. Wahakiki kumi wakitazama, sita wakasema inafaa na wanne wakaikataa, huandikwa 60, hata kama hao sita wamependa kupindukia. Na sinema ambayo wote kumi wameiona ya kawaida tu, haichoshi, inaweza kuandikwa 100!

Zinazoumia zaidi na hesabu hii ni sinema za hadithi za kisayansi zinazojaribu mitindo mipya: picha za kuduwaza, maneno machache, kisa kisichojieleza. Hugawa watu. Sinema ya 2001: A Space Odyssey ilipotoka mwaka 1968, baadhi ya wahakiki wa Marekani waliiponda kuwa inachosha, wengine wakaisifu mno. Ikapata Oscar ya madoido ya picha, na leo huhesabiwa miongoni mwa sinema bora.

Kukagua hakuhitaji utaalamu. Tafuta wastani wa alama. Pengine lazima ubonyeze asilimia ndipo uonekane. Tazama na idadi ya wahakiki, maana wanane si mia mbili. Kisha soma mmoja aliyesifu na mmoja aliyeponda. Mara nyingi wanataja kitu kilekile. Kwa sinema hiyo ya 1968, ni zile dakika zaidi ya 20 za mwanzo ambazo hakuna anayesema neno.