Radi Tunaweza Kuiongoza, Kuivuna Haitulipi

Kila mvua zinapokaribia Dodoma, kati ya Novemba na Desemba, tunaulizwa: umeme unakatika majumbani, kwa nini huu wa mawinguni tunauacha upotee bure?

Tupige hesabu. Radi moja hubeba nishati ya takribani jouli bilioni 1, yaani uniti 278 hivi. Familia inayotumia uniti 75 kwa mwezi ingezimaliza kabla ya miezi minne, tena kama zote zingenaswa. Sehemu kubwa huishia angani ikiwa joto, mwanga na ngurumo. Kinachofika ardhini ni mkondo wa ampea kama 30,000, unaopita kabla hujapepesa jicho. Hakuna betri ya kuupokea kwa kasi hiyo. Na nani ajuaye itapiga Bahi au Kongwa? Sola ya kilowati 1 juu ya paa Chamwino hutoa uniti hizohizo kwa miezi miwili hivi. Kwa maoni yangu, fedha ziende huko.

Kuiongoza, hilo linawezekana. Vizuia radi, yaani vyuma vya juu ya jengo vinavyoipokea radi na kuishusha ardhini kwa waya, tunavyo tangu Benjamin Franklin alipovibuni karne ya 18. Mwaka 2021, kwenye mlima Säntis nchini Uswisi, watafiti walielekeza leza angani kando ya mnara wa mita 124, na radi ikafuata njia ya mwanga huo kwa mita 50 hivi.

Huku kwetu, kazi ngumu iko chini ya miguu. Udongo mkavu wa kichanga hupitisha umeme kwa shida. Kizuia radi kikisimikwa vizuri juu ya paa la shule, kisha waya wake ukaishia kwenye nondo fupi iliyochomekwa juujuu, radi ikikosa njia itarukia nyaya za darasani. Nondo izame hadi penye unyevu, au ziunganishwe kadhaa, na fundi apime ukinzani wa ardhi, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, wakati wa kiangazi, udongo ukiwa umekauka kabisa. Kipimo cha masika kinadanganya.

Kwa wachungaji walio mbugani: mkisikia ngurumo, ondokeni chini ya mbuyu, ingieni kwenye jengo imara au gari lililofungwa, na msitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mshikeni bila hofu. Kama hapumui, mkandamizeni kifua palepale, mwingine akitafuta usafiri wa kumfikisha hospitali.